Fundi Anajibu: Mbona randa yangu inakula ncha, alafu inakula upande?

Assalaam alaykum wasomaji wetu. Mwezi huu maswali mengi yaliyoingia ni ya hizi mashine ndogo za randa za kuweka juu ya meza, zile wengine mnaziita thiknesa, na si ajabu maana sa hivi ukizunguka karakana kuanzia Mwanakwerekwe, Unguja, mpaka Konde, Pemba, hukosi kuikuta, ama mpya ama imekuja mtumba ndani ya kontena. Kilio ni kimoja tu, mbao inaingia sawa inatoka si sawa. Nimechagua barua tano. Ya mwanzo nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mna maradhi mawili na aliyeandika anadhani ni moja.

"Shkamoo fundi. Mie nna karakana Fuoni, natengeneza milango na fremu. Nimenunua mashine ya randa ya mezani, mtumba, ina visu viwili, upana inchi 12. Kila mbao ikitoka ncha zote mbili zimeliwa, kama upana wa vidole vinne hivi, ukipitisha mkono unahisi kabisa kidaraja. Alafu ukipima, upande wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Nshazungusha skrubu zote nnazoziona ndo kwanza inazidi. Bei ya mninga unaijua, nshaharibu mbao tatu za mteja. Nifanyeje?" – Fundi milango, Fuoni

Marahaba mwanangu, na pole sana, mninga kuharibika mkononi mwa fundi kunauma. Jambo la mwanzo, weka spana chini. Usizungushe kitu tena mpaka upime, maana kuliwa ncha ni maradhi mbali na kunenepa upande ni maradhi mbali, kila moja lina dawa yake, na ukizitia dawa zote kwa pamoja ndo unapata hilo la "ndo kwanza inazidi".

Nakwambia kwa sababu yamenikuta mwenyewe. Nlikuwa na mashine kama yako, siku moja ikaanza kutoa mbao nene upande mmoja, mwenzangu akanambia legeza cheni ya chini uipandishe nguzo ya huku. Nkalegeza nkapandisha, mbao ikatoka vyengine, nkashusha, nkapandisha tena, mpaka magharibi kichwa cha mashine, ile sehemu ya juu inayobeba visu, kimelala upande kama jahazi lililopwelewa. Baada ya siku mbili natoa visu nivipeleke vikanolewe, chini ya kisu kimoja, pale kwenye kitako chake, nkakuta kipande cha maranda kimegandamana na ulimbo, chembamba kama ganda la kitunguu thomu. Ndicho kilichokuwa kinakiinua kisu upande ule siku zote. Nimekichomoa kwa ukucha tu. Kuirudisha ile cheni mahala pake ndo kulikonichosha.

Sasa tuanze na ncha. Ndani ya mashine yako mna rola mbili, moja mbele ya visu na moja nyuma yao, na kazi yao ni kuivuta mbao huku zinaikandamiza mezani. Mbao ikiingia, inashikwa na rola ya mbele peke yake, na mkia wake bado uko mkononi mwako au unaning'inia, uzito wa mkia unaivuta chini nyuma na pua inainuka juu, inakwenda kukutana na visu ikiwa imeinuka, inaliwa zaidi. Ikishafika rola ya pili inalala vizuri, visu vinakula sawasawa. Wakati wa kutoka ni yale yale kinyume chake, rola ya mbele ishaiachia, pua iko nje inalemea, mkia unainuka unaliwa. Ndo maana urefu wa huko kuliwa haubadiliki, uwe na mbao ya futi mbili au futi kumi. Wewe umesema vidole vinne, kama sentimita 7. Chomoa plagi, funua mashine, pima kutoka kwenye visu mpaka kwenye rola, utakuta ni hapo hapo, na ukikuta hivyo basi usivilaumu visu kwa hizo ncha, na hizo skrubu ulizozungusha hazihusiki kabisa.

Dawa yake ya mwanzo ni zile meza mbili za kukunja, ya kuingilia na ya kutokea. Watu wanaziona pambo, wanazikalia, wanaziwekea mbao nzito, zinalegea nje zinainama. Tafuta kitu kilichonyooka kweli, mie natumia kipande cha aluminiamu ya fremu ya dirisha, urefu kama mita moja na kitu, kilaze kianzie ncha ya nje ya meza hii, kipite juu ya meza ya kati, kifike ncha ya nje ya meza ile. Ukiona kinakalia meza ya kati na huku nje pana uwazi, ndo ugonjwa wako umeuona. Chini ya kila meza mna bolti zenye nati ya kufungia, legeza nati, pandisha bolti kidogo kidogo mpaka ncha za nje ziwe juu ya meza ya kati kwa kiasi ambacho kadi ya benki inapita katikati chini ya ile aluminiamu ikiwa imebana. Kadi ya benki unene wake ni 0.76 ya milimita, inatosha, ukizidisha sana mbao nyembamba zitapinda. Funga nati, pima tena, maana nati ikikazwa inavuta.

Kama mashine yako ina komeo la kufungia kichwa kisicheze, lifunge kila ukishaweka unene. Mashine nyingi za mtumba komeo lipo lakini mwenyewe hajui kazi yake.

Dawa ya pili ni mikono yako. Mbao ikiingia, inua mkia kidogo mpaka usikie rola ya pili imeshaidaka, utausikia mlio unabadilika. Alafu zunguka upande wa pili, ipokee pua, na ile sentimita 20 ya mwisho iinue kidogo tena. Kidogo tu, usiwe kama unaing'oa. Kama una mbao nyingi za unene mmoja basi zipitishe zikifuatana, pua ya hii imegusa mkia wa ile, bila nafasi, hapo inayoliwa ni pua ya mbao ya mwanzo na mkia wa ya mwisho, na hizo mbili zinaweza kuwa vipande vya mbao ya ovyo. Mpito wa mwisho uwe mwepesi, nusu mili au chini yake. Na siku zote kata mbao ndefu kuliko unayoitaka, nusu shubiri kila ncha, alafu ukate ukishamaliza randa. Najua kwa mninga inauma, ndo maana nikasema vipande vya ovyo mbele na nyuma, hiyo haina gharama.

Tukija kwenye kunenepa upande, usiguse chochote kabla ya jaribio hili. Chukua kipande cha mbao ya bei rahisi kilichokwisha kunyooshwa, kipasue kwa urefu upate vijiti viwili. Kimoja kipitishe upande wa kushoto wa mashine kabisa, chengine upande wa kulia kabisa, na mpini wa unene usiuguse katikati yake. Vipime vyote kwa vernia, ile kalipa ya kupimia unene, si kwa futi kamba, futi kamba haikwambii kitu hapa. Pima mahala patatu kwenye kila kijiti, ziache ncha. Vikiwa sawa au vimepishana kwa 0.1 ya mili basi mashine yako nzima, mbao yako ndo imepinda au imejikunja, soma jibu la barua ya nne hapo chini. Vikipishana zaidi, hapo ndo tunafungua.

Plagi nje ya soketi, si kuzima swichi tu, plagi yenyewe iwe mkononi au mfukoni mwako. Anza na usafi, kwangua meza ya kati, mara nyingi mna ulimbo umekauka upande mmoja ukawa kama magamba. Kisha toa visu, kimoja kimoja, vaa glovu nene, safisha kitako cha kisu kwa mswaki wa zamani na kile kipande cha chuma kinachokibana, kitu chembamba kuliko karatasi kinatosha kukuharibia mlango. Mashine nyengine visu vyake vina matundu na vinakaa kwenye pini ndogo za chuma, havina marekebisho, kwa hizo kusafisha kitako ndo marekebisho yenyewe.

Kwa visu vya kurekebisha fanya hivi. Tafuta vipande viwili vya mbao ngumu vyenye unene sawa kabisa, kimoja kiweke mezani kushoto chini ya visu, kimoja kulia. Shusha kichwa pole pole huku unavizungusha visu kwa mkono kwa kutumia puli ya mkanda, vidole mbali na makali, mpaka kisu cha kwanza kikwaruze kidogo tu kile kipande cha kushoto. Angalia kulia. Kinakwaruza vile vile, au kuna nafasi inayopita karatasi ya fotokopi? Karatasi moja ni kama 0.1 ya mili, mbili zikipita 0.2, unapata kipimo bila ya kununua kitu. Kisha geuza kisu cha pili, pima vile vile, andika.

Sasa soma ulichoandika. Kama kisu kimoja kimeinama na chengine kiko sawa, shida ni kisu, kipange upya. Kama visu vyote viwili vimeinama upande ule ule kwa kiasi kile kile, basi kichwa chenyewe ndo kimeinama, na hapo tu, hapo peke yake, ndo unakwenda kwenye cheni au gia za chini zinazoziunganisha zile nguzo. Tia alama ya rangi kwenye jino la cheni na kwenye mwili wa mashine kabla ya kulegeza, sogeza jino moja, rudia jaribio la vijiti viwili. Jino moja kwa jaribio moja. Na wewe kwa vile ulishazungusha kila kitu, nakushauri anza na kichwa ukiweke sawa na meza kwa vile vipande viwili, ndo urudi kwenye visu.

Zile mbao tatu usizitupe, kama bado zina unene wa paneli zitie kwenye paneli.

"Assalaam alaykum fundi. Mie na kaka yangu tunatengeneza vitanda na makabati hapa Chake Chake. Randa yetu inatoa mbao yenye mawimbi madogo madogo ya kukata upana, kama mchanga wa pwani maji yakitoka. Ukipaka vanishi ndo yanaonekana zaidi. Visu tumenoa juzi kwa fundi wa mashine ya kunolea. Na mkangazi ndo balaa, mengine unayakuta yameng'oka vipande." – Dada fundi, Chake Chake

Waalaykumussalaam dada yangu, na hongera kwa kazi. Umeyaeleza vizuri sana hayo mawimbi, basi sasa yahesabu. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze karibu na mbao mwanga uje kwa upande, weka rula, hesabu mawimbi ndani ya sentimita 2.

Kwa nini nakuhesabisha. Kila mashine ya randa inaacha alama, hata mpya, kwa sababu kisu kinazunguka duara na mbao inakwenda mbele. Chukua mashine ya visu viwili inayozunguka mara 8,500 kwa dakika na inavuta mbao mita 8.5 kwa dakika, ambavyo ni vipimo vya kawaida kwa mashine za saizi hii. Visu viwili mara 8,500 ni mikato 17,000, na mita 8.5 ni mili 8,500, kwa hiyo kila mkato unachukua nusu mili. Ndani ya sentimita 2 utapata alama 40, ndogo mno, msasa mmoja zinaondoka. Lakini ukihesabu ukapata 20, maana yake ni kwamba kisu kimoja ndo kinafanya kazi, chengine kiko ndani kidogo kinazunguka bure. Vipimo vya mashine yako vimeandikwa kwenye kibati chake ubavuni, hesabu kwa hivyo vyako.

Na nnavyoona ndicho kilichotokea, kwa sababu mmesema visu vimenolewa juzi. Fundi wa kunoa akikinoa kisu kimoja zaidi ya mwenzake, mkivirudisha bila kuvipanga, vimepishana tayari. Visu vya randa vinolewe pamoja, vitoke na upana mmoja na uzito mmoja, kimoja kikiwa kizito kuliko chengine kichwa kinatetemeka na mtetemeko nao unaandika mawimbi. Vipimeni kwenye mizani ya dukani. Kisha vipangeni kwa ile njia ya vipande viwili niliyomwelezea mwenzenu wa Fuoni, kwa kila kisu, mahala patatu. Mkishapanga na mawimbi yakabaki vile vile, zungusheni kichwa cha visu kwa mkono polepole msikilize beringi, ikikwaruza kama mna mchanga ndani basi imekwisha, badilisheni.

Mkangazi kung'oka ni mambo mengine. Nyuzi za mkangazi zinapishana, safu hii imelala huku na safu ya pili imelala kule, kwa hiyo kwenye mbao moja kuna mahala unaranda vizuri na sentimita tatu mbele unaranda kinyume cha nyuzi. Mvule nao vile vile. Huwezi kuumaliza huo ugonjwa, unaupunguza tu. Visu viwe vikali kweli, mpito uwe nusu mili, geuza mbao uijaribu kwa pua ya pili uone upande gani unang'oka kidogo, na kabla ya mpito wa mwisho futa uso wa mbao kwa kitambaa chenye unyevu, usiloweshe, subiri dakika moja nyuzi zilainike ndo upitishe. Kinachobaki kimalizeni kwa msasa. Mvule muuangalie na jambo jengine, ndani yake mara nyengine mna vijiwe, jiwe la kweli la chokaa lililojijenga ndani ya mti, kisu kikikutana nalo makali yamekwenda. Mkiona doa jeupe gumu kwenye mvule mligonge kwa patasi ya zamani kwanza.

"Fundi vipi, mie niko Nungwi, natengeneza meza na viti vya mahoteli kwa mbao za majahazi ya zamani. Randa inatoa mistari, mistari iliyonyooka ya kuinuka, kuanzia mwanzo wa mbao mpaka mwisho, mahala pale pale kila mara. Nkibadilisha visu siku mbili tatu inarudi." – Kijana wa Nungwi

Kijana wangu, mstari wa kuinuka unaokwenda na urefu wa mbao maana yake ni pengo kwenye makali ya kisu, mahala pale kisu hakigusi mbao basi mbao inabaki imeinuka. Na wewe mapengo unayanunua mwenyewe, ndani ya mbao za jahazi mna misumari. Msumari wa jahazi ukishakatika na kutu unabaki ndani bila kichwa, juu huuoni, pameziba na lami na rangi. Ongeza mchanga na chumvi iliyokaa kwenye nyufa miaka yote ile baharini.

Njia ya haraka leo hii, legeza kisu kimoja ukisogeze pembeni mili moja, kushoto au kulia, ukaze. Sasa pengo la kisu hiki linafunikwa na mwenzake, mistari inaondoka bila kununua kitu. Hiyo inakusogezea siku.

Lakini kazi yenyewe iko kabla ya randa. Pitisha sumaku kubwa, ile ya ndani ya spika mbovu inafaa sana, juu ya mbao yote pande zote nne, ikivuta mahala tia alama ya chaki. Doa jeusi la kutu hata kama sumaku haikuvuta, chimba. Sugua mbao kwa brashi ya waya na maji matamu, iache ikauke, ndo uipeleke kwenye mashine. Na uso ule wenye rangi usiupitishe randa hata kidogo. Rangi za zamani nyengine zina madini ya risasi ndani yake, ambayo ni sumu, na mashine inaigeuza vumbi linalokwenda kifuani kwako na kwa watoto wanaocheza hapo nje. Ikwangue ikiwa imeloweshwa, vaa barakoa, taka zake zikusanye. Wateja wako wanapenda ile rangi ya zamani ionekane, basi iachie uso wa juu, randa upande wa chini tu uwe sawa.

"Shkamoo. Mie mwanafunzi wa ufundi, Mkoani. Mwalimu kasema mashine ya randa hainyooshi mbao iliyopinda, lakini ikitoka mashineni naiona imenyooka. Nani mkweli?" – Mwanafunzi, Mkoani

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako mkweli, na macho yako nayo hayakukosea, ila umeangalia mapema. Rola zinaikandamiza mbao iliyopinda mpaka inalala, visu vinakula ikiwa imelala, ikitoka rola inaiachia na inarudi kwenye upindo wake, unene umekuwa mmoja lakini mbao bado imepinda. Iweke kwenye sakafu iliyo sawa uone. Kwanza nyoosha uso mmoja, kwa mashine ya kunyooshea au kwa randa ya mkono na fimbo mbili za kulenga, kisha uso huo uliokwisha kunyooka ndo unaokaa chini mezani. Kama huna mashine ya kunyooshea, kata plaiwudi iliyo sawa ndefu kuliko mbao, ilaze mbao juu yake, kila penye uwazi tia kabari nyembamba uigundishe kwa gundi, ipitishe yote pamoja mpaka uso wa juu uwe sawa, kisha itoe plaiwudi na ugeuze.

Na mbao iwe kavu. Mbao mbichi utainyoosha leo na keshokutwa ishajikunja, hasa ukiranda uso mmoja tu mwengine ukauacha, randa pande zote mbili kwa kiasi sawa. Mbao nyingi tunazonunua huku zinakuja kutoka bara zikiwa bado na maji, na wakati wa masika ndo hazikauki kabisa. Zipange na vijiti katikati upepo upite, chini ya paa, si juani. Kujua imekauka ipime mbao yenyewe nzima kwenye mizani kila baada ya siku kadhaa, ikiacha kabisa kupungua uzito basi.

"Fundi, mie Wete. Yangu haivuti. Mbao inaingia inasimama katikati, inanguruma, inaacha kishimo au alama ya kuungua pale iliposimama. Naranda zaidi mfenesi. Karakana iko mbali na nyumba navuta umeme kwa ekstensheni." – Fundi, Wete

Ndugu yangu, umenijibia mwenyewe mara mbili, mfenesi na ekstensheni.

Mfenesi una ulimbo, na ulimbo unapanda kwenye rola, unachanganyika na unga wa mbao, rola ya mpira inakuwa na ngozi laini kama kigae, inateleza juu ya mbao badala ya kuivuta. Mbao ikisimama visu haviachi kuzunguka, vinakula pale pale, ndo hicho kishimo. Chomoa plagi, futa rola kwa kitambaa kilichotiwa spiriti, geuza rola kwa mkono ufute mzunguko mzima mpaka kitambaa kitoke safi. Usitumie petroli wala tina, zinaula mpira, utavimba na kupasuka. Kisha meza ya kati, kwangua ulimbo, ukikuta kutu, na kwa hewa yetu ya bahari utaikuta, isugue kwa msasa mwembamba, alafu paka nta, hata mshumaa wa kawaida, sugua mshumaa mezani kisha ung'arishe kwa kitambaa mpaka mkono uteleze. Usipake mafuta, yanaingia kwenye mbao na vanishi haitoshika mahala pale. Mafuta yaache kwa visu, kila jioni ukimaliza vifute kwa tone la mafuta ya mashine visishike kutu usiku.

Ekstensheni sasa. Mashine ya wati 1,800 kwenye volti 230 inavuta karibu ampia 8. Ukiipitisha hiyo kwenye waya mwembamba wa mili mraba 0.75 wenye urefu wa mita 50, karibu volti 20 zinapotea njiani kabla hazijafika kwenye mota, na hapo ni kama umeme wenyewe ulitoka ukiwa kamili, jioni watu wote wakiwasha unakuwa chini zaidi. Mota inakosa nguvu, mbao pana inaisimamisha. Weka waya wa 2.5, mfupi kadiri unavyoweza, na kama uko kwenye kigurudumu ukunjue wote, waya uliokunjwa ukibeba mzigo mkubwa unapata moto. Ushike kwa mkono baada ya robo saa ya kazi, ukiwa wa moto ni mwembamba. Angalia na kaboni za mota, zikishakuwa fupi mashine inakosa nguvu na unaona cheche nyingi kwenye matundu ya mota, ni kitu cha bei ndogo.

Na punguza kiasi unachokula kwa mpito. Mbao nyembamba ya inchi nne unaweza kula mili 2 au zaidi, lakini ubao wa mfenesi wa inchi 11 au 12 mpe mili moja, akilalamika mpe nusu. Maranda nayo yatolewe, mdomo wa kutolea ukiziba yanarudi chini ya rola yanagongwa kwenye uso wa mbao, unapata vidoa vya kubonyea ambavyo watu wengi wanadhani ni visu.

Huo ulimbo ukikuganda mikononi, paka mafuta ya nazi kwanza usugue, ndo uoshe kwa sabuni. Sabuni peke yake haiutoi.